Rangi Ina Mwenyewe

Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyokubali kuvikwa viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Kitambaa chekundu, jiwe jeupe, nywele nyeusi. Tukitoka hapo, lugha haisemi tena kitu kikoje, husema kinafanana na nini. Nguo ni ya kijani, na ndani ya neno hilo limo jani. Ukuta ni wa kijivu, na jivu liko jikoni. Manjano ni kiungo kile kile kinachotiwa kwenye mchuzi wa samaki, zambarau ni tunda linalopaka ulimi wa mtoto akashindwa kukana kwamba amelila, kahawia imetoka kwenye kahawa, na ile nyekundu iliyokolea mpaka ikakaribia weusi tunaiita damu ya mzee. Hata ngozi ya binadamu ilipewa jina kwa njia hii: mtu wa maji ya kunde ana rangi ya maji yanayobaki sufuriani kunde zikishachemka. Anayeitaja rangi kwa Kiswahili, mara nyingi hujikuta ametaja pia ilikotoka.

Wapo wataalamu waliouona mtindo huu kuwa ni lugha ambayo haijakomaa. Mwaka 1969 Wamarekani wawili, Brent Berlin na Paul Kay, walichapisha kitabu kilichodai kwamba lugha zote za dunia huongeza majina ya rangi kwa mpangilio unaofanana: kwanza nyeusi na nyeupe, kisha nyekundu, kisha kijani au manjano, na kuendelea hadi majina kumi na moja. Ili jina lihesabiwe kuwa la msingi waliweka masharti, na sharti mojawapo lilitilia shaka jina la rangi ambalo pia ni jina la kitu. Kwa kipimo hicho, zambarau na manjano hubaki mlangoni. Mpangilio wao umejadiliwa na kurekebishwa sana tangu wakati huo, lakini dhana iliyo chini yake bado inatawala madarasa mengi: kwamba kuijua rangi sawasawa ni kuijua ikiwa peke yake, imeoshwa, haina harufu wala mti wala msimu. Mimi nashika upande wa pili. Nasema rangi ina mwenyewe, na kwamba mtoto anayepewa kinu, majani, udongo na maganda ya komamanga ili atengeneze rangi yake na kuchora nayo hachezeshwi tu ili muda upite. Anafundishwa rangi ni nini hasa, jambo ambalo pakiti ya kalamu za rangi, pamoja na manufaa yake yote, humficha.

Swali la mwenyewe wa rangi limewashughulisha wanafalsafa kwa karne nyingi. Wekundu wa embe lililoiva umo kwenye embe, au machoni mwa anayelitazama? Galileo, mwaka 1623, alijibu kwa mfano wa unyoya. Ukipitishwa chini ya pua, mtu hutekenyeka, lakini hakuna anayesema kwamba mtekenyo ulikuwa umekaa ndani ya unyoya. Rangi nayo ni hivyo hivyo, akasema: waondoe viumbe wenye hisia, na kinachobaki ni jina tupu. John Locke, mwaka 1690, aliligeuza wazo hilo kuwa fundisho kamili. Umbo, ukubwa na mwendo ni vya kitu chenyewe. Rangi, ladha na harufu ni uwezo tu ambao kitu kinao wa kuamsha jambo ndani yetu. Newton, ambaye kitabu chake juu ya mwanga kilitoka mwaka 1704, aliugawa mwanga wa jua kwa kioo cha pembe tatu na bado akasisitiza kwamba miale yenyewe haina rangi. Hoja hii ni nzito, na anayetaka kuzungumza juu ya watoto na maua hana ruhusa ya kuiruka. Kama Galileo ana haki, kumpeleka mtoto bustanini akatafute rangi ni sawa na kumtuma bandani akatafute mtekenyo kwenye manyoya ya kuku.

Tuanze na hina. Jani la mhina ni la kijani kama majani mengine. Likikaushwa, likatwangwa na kuchekechwa, unga wake ni wa kijani kilichofifia. Ukandwe kwa maji na ndimu, upakwe kiganjani, uachwe usiku kucha. Asubuhi tope likibanduliwa mkono unatoka na rangi ya chungwa, na siku ya pili chungwa hilo limekolea likawa wekundu wa hudhurungi. Rangi hiyo ilikuwa wapi? Jani lilikuwa na sehemu yake bila kuionyesha, na lingeanguka na kuoza nayo. Mkono haukuwa nayo kabisa. Imezaliwa pale kemikali ya jani ilipokutana na protini ya ngozi, ile ile iliyomo kwenye kucha na nywele, ndiyo maana hukolea zaidi kwenye kiganja na wayo, ambako ngozi ni nene, na huwahi kufifia mgongoni mwa mkono. Mtoto wa pwani aliyekaa karibu na bibi harusi akipakwa hina ameshaliona jibu, hata kama hajui kwamba paliwahi kuwa na swali. Rangi ni mali ya ubia. Jani limeweka mtaji wake, ngozi imeweka wake, usiku umetoa muda, mwanga umechangia na jicho limekamilisha. Locke hakukosea aliposema kwamba jicho lina hisa. Alikosea alipodhani kwamba mbia mmoja akithibitika, wengine wamefutwa. Mchicha hauwezi kazi ya hina hata jicho litamani vipi. Na ule mtekenyo wa Galileo, pamoja na kwamba haukai ndani ya unyoya, haupatikani kwa jiwe.

Kutazama peke yake hakuwezi kuufichua ubia huo. Hapo ndipo mikono ya mtoto inapohitajika. Jicho hupokea rangi ikiwa imeshamalizika, kama mlaji anayeletewa sahani mezani. Anayetengeneza ndiye anayejua kilichotiwa. Manjano yakisagwa na kuchanganywa na maji kidogo huacha juu ya karatasi rangi inayong’aa. Mtoto akichovya kijiti kwenye maji ya chokaa na kupitisha juu yake, mstari hugeuka mwekundu kama tofali, palepale, mbele ya macho yake. Akikamulia ndimu, manjano yanarudi. Wahindu wameujua uhusiano huo kwa muda mrefu, kwani kumkumu nyekundu wanayojipaka katika paji la uso hutengenezwa kwa manjano na chokaa. Choya nayo, ile inayochemshwa ikawa juisi nyekundu, ikitiwa magadi huacha wekundu wake na kuelekea buluu, kisha kijani kilichochujuka. Mbele ya mambo hayo mtoto hawezi tena kusema kwamba manjano ni manjano basi. Analazimika kusema manjano ni ya manjano ikiwa hivi, na ni mekundu ikiwa vile. Hilo neno “ikiwa” lina thamani kubwa kuliko picha yoyote atakayoibandika ukutani, kwa sababu ndilo mlango wa sayansi na vilevile ni mlango wa unyenyekevu: kitu nilichodhani nakijua kilikuwa kinanionyesha upande mmoja tu.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote linatoka kwa walimu wenyewe, na mwakilishi wake bora ni Maria Montessori, aliyefungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907. Vibao vyake vya rangi vinafanana kwa kila kitu, umbo, ukubwa na uzito, ila rangi. Alikusudia hivyo. Akili ya mtoto, kwa maoni yake, husaidiwa pale sifa moja inapotengwa na nyingine, na anayetaka kufundisha wekundu asimpe mtoto pilipili, maana mtoto atashughulika na pilipili. Hoja hii ina ushahidi nyuma yake. Watoto huchelewa kuyashika majina ya rangi kuliko majina ya vitu. Charles Darwin aliandika mwaka 1877 kwamba wanawe walibabaika nayo kiasi cha yeye kushuku kwamba macho yao yana kasoro. Ugumu wenyewe unaeleweka. Ukinyoosha kidole kwenye jani na kusema “kijani”, mtoto atajuaje kwamba humaanishi jani, au mti, au ule ulaini? Majina nayo yana kazi kubwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watoto wa Kihimba wa Namibia na watoto wa Uingereza walifuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kabla ya kuyajua majina walikosea kukumbuka rangi kwa namna inayofanana; walipoyashika majina ya lugha zao, makosa yao yakaanza kufuata mipaka ya lugha hizo. Basi mtu anaweza kusema kwamba kazi ya kwanza ni kumpa mtoto rangi iliyotengwa na jina lake, na majani yatasubiri.

Lakini hebu tumtazame mtoto anayesugua jani la mchicha juu ya karatasi. Anabonyeza, anavuta, jani linavunjika vunjika, na mwisho anatupa kilichobaki. Kwenye karatasi pamebaki kijani, jani limekwenda. Ametenga sifa na kitu kwa vidole vyake mwenyewe. Kile ambacho Montessori alimletea mtoto kikiwa kimeshafanywa na fundi seremala na mpaka rangi, mtoto huyu amekifanya, na amekiona kikifanyika. Wala hakuna kitendo cha akili kilichorukwa: kuitenga rangi na kitu ni hatua kubwa ya fikra, na kwa sababu ni hatua, mtoto anastahili kuipiga yeye. Anayeanzia kwenye kibao anaamini kwamba rangi huja zikiwa zimeshatengwa, na kwamba vitu ndivyo vinavyotafuta wa kuvipaka. Anayeanzia kwenye jani anajua kwamba rangi imetolewa mahali, na kwamba kuitoa kulikigharimu kitu ilimotolewa. Simwondoi Montessori darasani. Nasema vibao vyake vingefaa zaidi wiki ya pili.

Kuna siku ambayo utengano huo ulifanyika kwa dunia nzima. Mwaka 1856, mjini London, kijana wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini kutokana na lami ya makaa ya mawe. Dawa hakuipata, alichokipata ni zambarau. Kabla yake, kila aliyetaka kitambaa cha rangi alihitaji mmea, mdudu, konokono au jiwe, na alihitaji kujua unapatikana wapi na huvunwa lini. Baada yake rangi zikaanza kutoka kiwandani, na kufikia mwaka 1897 hata nili, iliyokuwa imelisha na kutesa mashamba ya India, ilikuwa ikiuzwa na kampuni ya Kijerumani bila jani hata moja. Sitaki kuililia siku ile. Kanga isingekuwa kanga bila rangi za viwandani, na mwanamke asiye na fedha nyingi asingevaa wekundu na weusi uliokoza namna ile. Ila rangi ilipokatwa kutoka kwenye mwenyewe wake, aliyeshika kiwanda alipata uwezo mpya: kuamua jina. Pakiti ya kwanza ya kalamu za rangi za Crayola ilitoka Marekani mwaka 1903 ikiwa na rangi nane. Baadaye miongoni mwa rangi za kampuni hiyo ikawepo moja iliyoitwa rangi ya ngozi, na ilikuwa ya waridi iliyopauka. Jina hilo lilibadilishwa mwaka 1962. Kwa miaka mingi, basi, watoto walijifunza kutoka kwenye pakiti kwamba ngozi ina rangi moja, na wengi wao walikuwa wakiishika kalamu hiyo kwa mkono ulioikanusha.

Udongo haungeweza kusema uongo huo. Mtoto akichukua udongo mwekundu wenye kutu ya chuma, wa mfinyanzi ulio wa kijivu, mweusi wa bondeni na mweupe wa chokaa, akauchanganya kidogo kidogo mpaka ulingane na mkono wake, atafika. Mwenzake naye atafika, kwa vipimo vingine. Hapa dini zetu zina jambo la kusema ambalo sijaona likitumika shuleni inavyostahili. Katika hadithi zilizopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume anaeleza kwamba Adamu aliumbwa kwa gao lililokusanywa kutoka ardhi yote, na ndiyo sababu wanawe wametoka kwa kadiri ya ardhi, wekundu, weupe, weusi na waliomo katikati. Kitabu cha Mwanzo nacho kinamfinyanga mtu kwa mavumbi, na katika Kiebrania jina la Adamu limekaa jirani na neno la ardhi na neno la wekundu. Sura ya Fatir inakwenda mbali zaidi. Inapotaja rangi inaanza na mvua, ikaingia kwenye matunda ya rangi mbalimbali, ikapanda milimani kwenye michirizi myeupe, myekundu na myeusi sana, ikashuka kwa watu na wanyama, halafu, bila kubadilisha mada, ikawataja wenye elimu kuwa ndio wanaomcha Mungu. Rangi tatu za milima hiyo ndizo tatu ambazo Kiswahili kimezipa vivumishi. Sijengi fundisho juu ya ulinganifu huo. Ninachokiona ni mpangilio wa hoja: anayefuatilia rangi kutoka mvua hadi ngozi anahesabiwa kuwa yumo njiani kuelekea elimu, na neno aya, ambalo ni mstari wa Kitabu, ndilo hilo hilo linalomaanisha ishara iliyotandazwa ardhini.

Muumini makini anaweza kunizuia hapa. Atasema kutazama ishara ni ibada, lakini kuchora ni jambo jingine, na kufinyanga ni zito zaidi, kwa kuwa kuna maonyo makali dhidi ya wanaotengeneza sura za viumbe kana kwamba wanashindana na Muumba. Wanazuoni wametofautiana juu ya mipaka ya maonyo hayo, na si kazi ya makala kuwaamulia. Lakini upo ushahidi unaomhusu mtoto moja kwa moja. Bibi Aisha alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume na hakukatazwa kuwachezea. Imepokewa pia kwamba miongoni mwao alikuwapo farasi mwenye mabawa, na Mtume alipouliza farasi gani ana mabawa, akajibiwa kwamba farasi wa Sulemani walikuwa nayo, naye akacheka. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, alipojiwa na mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Na Qurani yenyewe, inapomsimulia Isa, inamwonyesha akifinyanga umbo la ndege kwa udongo na kupuliza, likawa ndege kwa idhini ya Mungu. Idhini ndilo neno la kushikilia. Mtoto aliyechimba udongo wake, akauponda, akaulowesha, akaona umepasuka kwa sababu aliukausha haraka, hana namna ya kujiona mshindani wa Muumba. Kila hatua imemkumbusha kwamba udongo haukuwa wake. Anayeweza kudanganyika ni yule anayebonyeza kitufe na kuletewa rangi milioni ambazo hajui zimetoka wapi.

Pingamizi linaloniuma ni jingine, nalo halitoki kwenye vitabu. Ni rahisi, mtu atasema, kusifia majani na mkaa wakati shule haina hata chaki. Sera za elimu zimekuwa zikihimiza vifaa vinavyopatikana katika mazingira, na mara nyingi maana yake ni kwamba fedha hazikuja. Wazazi wanalijua hilo. Mtoto anapotumwa nyumbani kuleta vifaa vya somo la sanaa, anayehangaika usiku ni mama. Basi falsafa ya udongo inaweza kuwa jina zuri la unyimi. Nakubali hatari hiyo ipo, na sina njia ya kuiondoa kwa maneno. Kama rangi za majani ni kwa watoto wasio na kitu, na kalamu za rangi ni kwa wenye nacho, somo lote limeharibika, kwa sababu mtoto atakuwa amefundishwa kwamba udongo ni wa kushika mpaka kitu halisi kipatikane. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972, alitumia rangi za mafuta za kopo juu ya mbao za dari, na kutoka humo akatoa wanyama na ndege ambao dunia inawatambua mpaka leo. Hakuna mwenye haki ya kumwambia kwamba angebaki na udongo. Kwa hiyo msimamo wangu unahitaji shule zote mbili: yenye kalamu za rangi iwapeleke watoto kuponda mizizi, na isiyo nazo inunuliwe kalamu. Mtoto aliyetengeneza rangi kwa mkono wake anaishika kalamu ya rangi kwa swali ambalo mwenzake hana. Hii nayo imetoka wapi? Lami ya makaa ya mawe ilitoka kwenye misitu iliyozikwa zamani mno, kwa hiyo hata zambarau ya Perkin ina mti nyuma yake, ukichimba vya kutosha.

Wengine wana hofu ya uharibifu: darasa la watoto 60 likitumwa kuchuma maua, bustani itabaki vijiti. Hofu ni ya haki, na jibu lake ni adabu ya kuokota. Maua yaliyoanguka yana rangi ya kutosha, na gome lisibanduliwe kwenye mti ulio hai. Kuna adabu nyingine inayokwenda pamoja nayo, ya kujua kwamba si rangi zote zinazoita. Zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi, zinazotungwa mikufu, zina sumu inayoweza kuua zikitafunwa. Utomvu wa mnyaa ni mweupe kama maziwa na ukiingia jichoni hulichoma. Mwalimu anayewatoa watoto nje bila kuyajua haya anacheza na maisha yao, na anayeyajua ana somo kubwa mkononi: wekundu wa pilipili humwita ndege aje asambaze mbegu, wekundu mwingine humwonya mlaji akae mbali, na yote hayo yalikuwa yakisemwa kabla hapajawa na binadamu wa kuyasikia. Huko pia ndiko Locke anakopata shida. Ua lilishajipaka kwa ajili ya jicho la nyuki. Jicho letu lilifika baadaye, likiwa mgeni katika mazungumzo ya wengine.

Binadamu hata hivyo aliingia katika mazungumzo hayo mapema kuliko tulivyodhani. Olorgesailie, kusini mwa Nairobi, wachimbuzi walipata vipande vya mawe mekundu na meusi vya takriban miaka 300,000 iliyopita, vingine vikiwa na alama za kukwanguliwa ili vitoe unga. Yaani watu wa kale walibeba rangi kabla ya kubeba karibu kitu kingine chochote tunachokiita ustaarabu. Kondoa, kwenye mapango na miamba yake zaidi ya 150 iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, watu na wanyama waliochorwa kwa wekundu bado wako ukutani, na baadhi ya miamba hiyo bado wenyeji huiendea kwa maombi ya mvua na tiba. Rangi pale haijatengwa na mahali pake wala na Mungu anayeombwa.

Limebaki lalamiko ambalo kila mwalimu wa watoto wadogo atalipata, kwamba picha hizi hazidumu. Manjano yakiwekwa dirishani yanapauka kwa siku chache, choya inageuka rangi ya karatasi kuukuu, kijani cha mchicha kinakuwa kahawia. Mtoto anakuja na picha yake mkononi na kuuliza rangi imekwenda wapi. Akiambiwa imekwisha, atanyamaza. Mwalimu anaweza badala yake kumpa karatasi mbili, azipake manjano yale yale siku ile ile, moja aibandike juani na nyingine aifiche katikati ya daftari, kisha asubiri wiki moja. Na kando ya ile ya dirishani apake alama moja ya udongo mwekundu.